Buibui Niliyemletea Baba

Nilimwahidi baba kwamba sitamficha kifo tena. Nilitoa ahadi hiyo nikiwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya sebule yetu, orofa ya nne, mtaani Huruma, siku aliyorudi kutoka hospitalini na kukuta kiti cha mama kimesukumwa ukutani, vitambaa vyake vimekunjwa juu yake. Alikuwa amelazwa wiki saba kwa kiharusi. Katika wiki ya tatu mama aliugua siku mbili tu akafariki. Tulimsafirisha nyumbani magharibi, tukamzika, tukarudi mjini. Ndugu za baba walikuwa wamekaa kikao wakaamua kwamba mgonjwa haambiwi, kwamba moyo wake haungestahimili. Kwetu uamuzi wa namna hiyo haupingwi na kijana. Nami sikuupinga. Zaidi ya hayo, mimi niliyesomea ualimu, niliyezoea kuwahubiria wanafunzi wangu juu ya ukweli, ndimi niliyekwenda wodini kila alasiri nikamwambia baba, "Mama anakusalimia. Yuko nyumbani anaangalia shamba."

Baba hakulia alipoambiwa. Kiharusi kilikuwa kimeulegeza upande wa kulia wa mwili wake, na maneno yake yalitoka moja moja, kila moja limegharimu jitihada. Aliniuliza swali moja tu.

"Zile salamu. Ulikuwa ukizitoa wapi?"

 Ndipo nilipopiga magoti na kuahidi. Alisema, "Sawa," kisha akageuza uso kuelekea dirishani.

Jengo letu halina lifti. Mtu aliyefanya kazi kiwandani miaka yote ya utu uzima wake, aliyekuwa akishuka ngazi zile kabla ya jua kuchomoza, sasa alikuwa amefungiwa na ngazi zile zile. Nilipokwenda shuleni kufundisha alibaki kitini hadi nirudi. Walimtembelea watu wa kanisa. Waliingia bila kungoja kuitikiwa, wakajipanga kwenye makochi, wakamwombea kwa sauti kubwa, wakaniuliza mbele yake kama anakula na kama anajizuia haja. Siku moja walipoondoka aliniambia, "Nataka kitu kilicho hai. Kisichoniombea."

Nilicheka. Yeye hakucheka, na nikaelewa kwamba alimaanisha kweli.

Mbwa na paka walikatazwa na mwenye ploti, anayetupangisha. Kuku hakufikirika. Nilipotaja samaki wa kwenye kioo, baba, mzaliwa wa kando ya mto, alisema, "Samaki ni chakula." Kisha akasema, "Yule wa shimoni." Ilinichukua jioni nzima kumwelewa. Alikuwa anamzungumzia buibui mkubwa mwenye manyoya, ambaye yeye na wenzake, walipokuwa wakichunga ng'ombe utotoni, walikuwa wakimchokoa shimoni mwake kwa bua la nyasi. Watu wa vitabu humwita tarantula. Alimwelezea kwa mkono wa kushoto: vidole vitano vilivyokunjwa, vikitembea polepole juu ya goti.

Sikukubali mara moja. Nilikuwa na msimamo, na bado ninao, kwamba mnyama wa porini haumbwi ili apambe sebule ya mtu. Niliwaza juma zima. Hatimaye nilimpigia simu mwanachuo mwenzangu wa zamani, ambaye sasa anafanya kazi kwenye kituo kinachofuga nyoka na buibui kwa idhini ya serikali. Aliniambia kwamba baadhi ya buibui wao wamezaliwa mle mle ndani ya vioo, hawajawahi kukanyaga nyasi, na kwamba kumwachilia mmoja wao porini kungekuwa ukatili. Hoja hiyo ilinitosha. Nadhani nilikuwa natafuta hoja ya kunitosha.

Nilipofika kituoni aliniwekea wawili mezani, kila mmoja katika mkebe wake. Wa kwanza alikuwa na rangi ya kutu iliyokolea, mzuri wa kutazama, mwepesi kiasi kwamba alizunguka mkebe mara mbili kabla sijamaliza kuinama.

"Huyu ana hasira," mwenzangu alisema. "Akitoka, hutampata. Na baba yako hawezi kuruka."

"Na yule?"

Wa pili alikuwa wa kahawia, mzito, miguu ya nyuma minene kama vidole gumba. Alikuwa amejikunyata pembeni. Mwenzangu alipougusa mchanga karibu naye kwa brashi, aliinua miguu ya mbele na kutoa sauti kavu, kama kitambaa cha kaki kinachochanwa.

"Huyu ni jike. Dume angekomaa na kufa mwaka kesho. Jike anaweza kukaa na mzee miaka kumi na zaidi. Lakini nikuambie kasoro yake. Ni wa kuchimba. Ukimpa udongo wa kutosha, mchana hutamwona."

"Baba anataka cha kutazama."

"Basi mpunguzie udongo, akose pa kujificha. Wengi hufanya hivyo kwa ajili ya maonyesho." Alinitazama usoni. "Ila atakuwa na hofu maisha yake yote."

Nilimchagua jike yule kwa sababu moja: miaka kumi na zaidi. Sikutaka kitu kingine kimtangulie baba kuondoka. Mwenzangu hakuniruhusu kumbeba siku ile. Alinifanya nisubiri mpaka kibali kilipoandikwa kwa jina langu, na mpaka nilipokuwa na mahali pa kumweka.

Mahali hapo palitengenezwa mtaani Kariobangi, kwenye safu ya vibanda vya mafundi wa vioo na alumini. Fundi niliyemwendea kazi yake kubwa ilikuwa kuunda yale masanduku ya vioo ambamo wauza mandazi na samosa huweka bidhaa zao kando ya barabara.

"Sema, mwalimu. Yako ni ya mandazi ama ya samosa?"

"Si ya chakula. Nataka ya kufugia."

"Kufuga nini kwa kioo? Kuku?"

"Buibui."

Alizima mashine ya kukatia na kumgeukia mwenzake aliyekuwa akipiga riveti. "Skia hii maneno. Ati buibui anajengewa nyumba ya kioo, na mimi bado niko kwa mabati."

"Muulize kama kuna chumba ya bedsita imebaki," mwenzake alijibu bila kuinua kichwa. "Mimi naweza ingia na huyo buibui, tugawane renti."

Niliwaeleza kwa uzito wote wa mtu aliyesoma: sanduku lisiwe refu, kwa sababu buibui mzito akipanda ukuta na kuanguka, tumbo lake hupasuka, mlango uwe wa kuteleza na uwe na kufuli, matundu ya hewa yawe madogo kuliko kichwa chake. Fundi aliitikia kila sharti, "Hiyo imeingia." Nilipokwenda kuchukua, nilikuta ameunda sanduku la mandazi. Lilikuwa refu hadi kifuani mwangu, lina rafu mbili na tundu la waya wa balbu ya kupashia joto.

"Ni mkono, mwalimu," alisema, akijikuna shingo. "Mkono umezoea."

Alilikata upya. Tundu la balbu likabaki, nami nikaliziba kwa wavu. Alipokuwa akinifungia kwa kadibodi aliniuliza ni nani hasa anayetaka mnyama huyo, nikamwambia habari za baba na mkono wake uliolegea. Hakufanya mzaha tena. Alifungua kadibodi, akachukua jiwe la kunolea, akazisugua kingo zote za kioo moja baada ya nyingine hadi zikawa laini. "Asikatike," alisema.

Udongo niliupata kwa wauza miche wa kando ya barabara ya kwenda mtaa wa Umoja, mwekundu, uliochanganywa na maganda ya nazi yaliyosagwa. Niliukaanga kidogo kidogo kwenye sufuria kuukuu ili kuua vijidudu, nikaunyunyizia maji, nikaushindilia. Tulibishana, mimi na baba, juu ya kina chake. Nilitaka vidole vinne tu, ili amwone. Baba alitikisa kichwa. Aliuweka mkono wa kushoto wima kwenye kioo, kiganja kizima na nusu ya cha pili.

"Hutamwona, baba."

"Mwache ajifiche," alisema. "Kila mtu ananiangalia mimi."

Nilijaza udongo mpaka pale alipoonyesha. Nikazika kipande cha chungu kilichovunjika kando ya kioo cha mbele, kikiwa kimeinama, kiwe mwanzo wa shimo, na nikaweka kifuniko cha chupa chenye maji. Sanduku tuliliweka juu ya stuli fupi mbele ya kiti chake, mbali na jua la dirishani. Buibui, nilipomleta, alikaa juu siku mbili akiwa ameduwaa. Siku ya tatu alianza kuchimba chini ya kile kigae, akibeba mafungu ya udongo mdomoni na kuyatoa nje. Bahati ilituangukia: alichimba kwa kuufuata ukuta wa kioo, hivi kwamba upande mmoja wa shimo lake ulibaki dirisha. Baba akiinama kidogo kushoto aliweza kuona miguu minne na giza.

Hayo ndiyo yaliyokuwa maisha yake mapya. Nikirudi kutoka kazini alinipa ripoti: "Amekunywa." "Ametengeneza mlango." Maneno yake yalianza kuungana mawili mawili, kisha matatu. Nilimfundisha yale niliyofundishwa. Nilimwambia kwamba buibui huyu hujivua gamba ili akue, kwamba kabla ya hapo hukataa chakula, kisha hulala chali kama maiti, na kwamba wakati huo hapaswi kuguswa wala kusumbuliwa. Baba alisikiliza kwa umakini wa mwanafunzi. Natamani nisingemfundisha hilo.

Jirani wa mlango wa pili, mama mmoja mwenye asili ya milima ya katikati mwa nchi, muuza mboga za sukuma wiki hapo chini langoni, alikuwa akimletea baba uji kila siku saa nne asubuhi. Siku ya kwanza alipoliona sanduku, Jumamosi nikiwa nyumbani, alirudi nyuma hadi koridoni.

"Ashindwe! Mwalimu, hii ni ya mganga ama ni ya shule?"

"Ni ya baba, mama."

"Mzee wetu, ni wewe unakaa na hii kitu?"

"Ananyamaza," baba alimjibu. "Kuliko nyinyi."

Alicheka hadi uji ukamwagika. Tangu siku hiyo alikuwa akiingia na kuinama kwenye kioo kabla hata hajamsalimia mwenye nyumba. "Huyu binti amekula?" alikuwa akiuliza. "Mbona mnamlaza njaa?"

Chakula chake kilikuwa nyenje waliofugwa pale kituoni. Mwenzangu alikuwa amenipa mkebe wao na kunisisitizia nirudi kila unapoisha, nisimlishe chochote nilichokiokota. Mara mbili nilirudi. Mara ya tatu ilikuwa majuma ya mitihani shuleni, nikaahirisha, kisha nikaahirisha tena. Jumamosi moja adhuhuri jirani aliingia akiwa ameshika mkebe mtupu wa siagi, ameutoboa kifuniko kwa msumari. Ndani alikuwamo mende mkubwa wa kahawia.

"Nimemshika mwenyewe, nyuma ya jiko," alisema kwa fahari. "Mimi huwa nawaogopa, lakini huyu hakunisumbua."

Mtu yeyote anayeishi kwenye majengo yetu anajua kwa nini mende hakumsumbua. Kila juma hupita kijana mwenye kipaza sauti begani akitangaza dawa ya mende, kunguni na panya, na kila mlango hununua, kwa sababu ukinyunyiza peke yako wadudu wa jirani huhamia kwako. Sisi wenyewe tulikuwa tumeacha kunyunyiza kwa ajili ya buibui. Nilikuwa nimelifikiria hilo, nikajipongeza. Sikuwafikiria majirani.

Nilimwangusha mende kwenye udongo. Alitembea hatua chache, akayumba, akasimama.

"Huyu ni mgonjwa," baba alisema.

"Ni baridi tu, baba. Mende ni mende."

Buibui alitoka kwa kasi ambayo hatukuwahi kuiona, akamchukua. Jirani alipiga makofi.

Jumapili niliporudi kutoka kanisani nilimkuta buibui nje ya shimo, miguu ikitetemeka, akijaribu kupanda kioo na kushindwa. Jumatatu asubuhi alikuwa ametulia katikati ya sanduku, miguu yote minane imekunjwa chini ya mwili wake, kama ngumi iliyofungwa.

Nilijua tofauti. Nilikuwa nimeisoma na kuambiwa: anayejivua gamba hulala chali na kuitandaza miguu, anayekufa huikunja chini. Baba alikuwa akinitazama kutoka kitini. Alikuwa amekaa wima kuliko kawaida.

"Anajivua gamba," nilimwambia.

Hakuna aliyeniita kikaoni safari hii, wala ndugu wa baba aliyenipa amri. Maneno yalitoka yenyewe, na yalitoka kwa sauti ile ile niliyoitumia wodini.

Baba aliniamini, ingawa hakumwona amelala chali. Aliniomba nizime redio. Jumanne, watu wa kanisa walipokuja, aliwanyooshea mkono wa kushoto kabla hawajaanza na kuwaambia waombe polepole, kwa sababu kuna mtu anayevua nguo. Waliangaliana, wakadhani akili inamtoka. Mimi nilisimama mlangoni nikiwa na birika la chai mkononi, kisha nikaingia kuwamiminia. Jioni hiyo nilipokwisha kumlaza baba nilifungua sanduku nikamgusa buibui kwa brashi. Alisogea mzima mzima, kama kitu kisicho na uzito. Nilimrudisha pale pale alipokuwa, nikafunga.

Jumatano niliporudi kutoka shuleni baba alikuwa amejiburuta hadi ukingo wa kiti, paji la uso karibu ligusane na kioo. Chumba kilikuwa kimeanza kunuka, harufu hafifu, tamu.

"Amekufa lini?" aliuliza.

Ningeweza kusema leo. Nilifikiria kusema leo.

"Jumatatu, baba. Labda Jumapili."

"Na leo?"

"Jumatano."

Alihesabu kwa vidole vya mkono mzima, polepole, kidole baada ya kidole, ingawa hesabu yenyewe ilikuwa ndogo. Kisha akasema maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuyasema kwa mara moja tangu augue.

"Mama yako mlimficha kwa sababu mliniogopea. Huyu umemficha kwa sababu gani?"

Nilimwambia kwamba nilijiogopea mimi. Ndilo jambo pekee la kweli nililomwambia juma hilo.  Aliniuliza buibui alikula nini, nikamtajia yule mende, naye akasema alikuwa ameniambia, nami nikakubali kwamba alikuwa ameniambia. Kisha akaniuliza kama mama wa mlango wa pili anajua. Nilisema hapana.

"Nenda."

Jirani alikuwa akikatakata sukuma kwenye beseni. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Nilimweleza pia kwamba kosa ni langu, kwamba nilionywa kituoni na nilionywa na baba. Aliendelea kukata majani kwa muda, kisha kisu kikasimama.

"Si nilitaka tu kusaidia, mwalimu?"

"Najua, mama."

"Na mzee amesema nini?"

"Amesema nikuambie."

Aliinamisha kichwa juu ya beseni. Siku iliyofuata uji haukuja, wala ile ya baadaye. Ulikuja juma la pili, umebebwa na binti yake.

Baba alikataa nimtoe buibui sandukuni. "Wa kwanza mlimzika bila mimi," alisema. Nilimletea kijiko. Kwa mkono wa kushoto, akitulia kila mara kupumua, alichimba mle mle ndani ya kioo, mbali na lile shimo, akamweka na kumfunika na kuusawazisha udongo kwa mgongo wa kijiko. Alichukua muda mrefu kusawazisha. Nilitaka kumsaidia, akanizuia kwa kiwiko. Alipomaliza alinirudishia kijiko akasema nikioshe.

Hajanikaripia hadi leo. Hula ninachompikia, hunijibu ninapomsalimia. Lakini sasa nikimwambia mvua inanyesha, hugeuza kichwa kutazama dirishani kabla hajaitikia. Dada yangu akipiga simu kutoka nyumbani magharibi, baba humuuliza yale yale aliyoniuliza mimi asubuhi, moja baada ya jingine, na husikiliza kama majibu yanalingana. Mimi huwa nimeketi pale pale namsikia. Siwezi kumlaumu. Mtu anayetegemea macho ya wengine kuujua ulimwengu ulio nje ya chumba chake amenyang'anywa ulimwengu huo mara mbili, na mara zote mbili ni mimi niliyekuwa macho yake.

Ninakuomba wewe unayesoma jambo moja. Ikiwa nyumbani kwako kuna mgonjwa, na kuna habari inayomhusu ambayo wengine wote mnaijua, mwambie leo, wewe mwenyewe, kabla hajakuuliza.